Kwa nini motere mpya ilitetemesha Landrover yetu nzima

Leo sitaongea mahindi wala mbolea. Wenye wananijua wanajua mimi ni mu-agronome: nilipata lisanse yangu ku Lubumbashi, nikarudi Kakanda kwa wazazi, na tangu pale ninalima tomati na vitunguu pamoja na wenzangu watatu wa promosio. Motokari siyo kazi yangu. Lakini ni motokari ndiyo ilikaribia kuvunja kikundi chetu, na mimi ndiye nilitoa shauri lenye lilituletea ile matata. Kwa hiyo nilijifunza, na ninaandika, sababu ninaona vijana wengi mu Likasi na Kolwezi wanafanya ile ile kazi tulifanya sisi: kutoa motere iliyokufa na kutia ingine ya aina tofauti.

Landrover ni ya baba mukubwa. Ni Seri 3, ile ndefu ya inchi 109. Aina hiyo ilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, basi hata ile changa kabisa imenipita mimi umri. Motere yake ya kuzaliwa nayo, ya litri 2,25, ilipasuka kilase, tukaisuda, ikapasuka tena. Ni mimi nilisema: "Baba mukubwa, tutie motere ya Toyota." Tukachanga makuta, sisi watu wanne na yeye, tukanunua motere 2L ya mazutu, silinda nne, sentimita kube 2.446, iliyotoka mu Hilux ya zamani. Fundi aliyeifunga sitamutaja. Ile sahani ya kuunganisha motere ya Toyota na buati ya Landrover aliitengeneza vizuri sana, na sitamunyima haki yake kwa ile. Mahali alikosea ni padogo: fasi motere inakalia shasi.

Siku ya kwanza tulifurahi. Motere iliwaka kwa mara moja, ikavuta kilima kama punda mwenye njaa. Lakini kwa ralanti, Mungu wangu! Ukitazama mu kioo unaona nyuso mbili. Milango inalia. Ufunguo unacheza peke yake mu tundu lake. Fundi alisema "itazoea", akapandisha ralanti kidogo, tetemeko likapungua, akaenda zake. (Shika neno hili la kupandisha ralanti, tutalirudilia.)

Haikuzoea. Baada ya mwezi, chuma kinachoshika radiateri kilipasuka. Kisha kifungo cha betri. Kisha baba mukubwa akaanza kulalamika mikono. Akiendesha hadi Likasi na kurudi, jioni vidole vyake vimekufa ganzi, anashika bukari ya moto na hasikii moto. Yeye siyo mtu wa kulialia. Alifanya kazi miaka na miaka ku konsantrateri ya Gécamines hapa Kakanda. Kama anasema mikono inauma, inauma.

Siku iliyotutisha ilikuwa ya mwezi wa tatu. Tulikuwa tunapeleka tomati Likasi, na mbele tulikuwa tumebeba mama mumoja na mutoto mugongoni, juu mvua ilikuwa inakuja. Mama ndiye alisema kwanza: "Papa, kunanuka mazutu." Tukasimama. Kale kamupira kanakorudisha mazutu kutoka ku injekteri kalikuwa kamekatika kwa kutikisika, na mazutu ilikuwa inatiririka juu ya bomba la moshi. Tulishusha mama na mutoto mbio, tukazima motere, tukatupa udongo. Hakuna mtu aliumia. Lakini kurudi nyumbani baba mukubwa hakuongea njia nzima, na alipofika akasema maneno machache tu: "Mutoto, hii tutaiuza kwa kilo." Yaani kama chuma kibovu. Bila motokari, tomati zetu zinaozea mu shamba. Mwisho wa kikundi.

Niliomba wiki mbili.

Sasa tuelewane kwanza motere inatetemeka kwa nini, sababu hakuna motere isiyotetemeka. Motere ya takti nne: kila silinda inalipuka mara moja katika mizunguko miwili. Silinda nne, mizunguko miwili, ni milipuko minne. Yaani miwili kwa kila mzunguko. Ralanti ikiwa 750 kwa dakika, ni mizunguko 12,5 kwa sekunde, basi ni mapigo 25 kwa sekunde. Kila pigo linataka kuzungusha vilibrekini upande mumoja, na mwili wa motere unarudishwa upande mwingine, kama wewe ukikaza ekru ngumu na mwili wako unasukumwa nyuma. Juu ya hiyo, mapistoni yenyewe, mawili yanapanda na mawili yanashuka, hayamalizani nguvu sawasawa. Yanabakisha mtikiso mwingine, nao mara mbili kwa kila mzunguko. Mazutu inapiga kwa nguvu kuliko esanse, ndiyo maana ile ya Toyota tulisikia zaidi kuliko ile ya zamani.

Hauwezi kuzuia hayo mapigo. Unaweza tu kuyakataza yasiingie mu shasi. Hiyo ndiyo kazi ya ile mipira ya kukalia motere, ile mafundi wetu wanaita silembloki: chuma, mpira, chuma, vimegandishwa pamoja.

Zamani hata wazungu hawakujua. Motere ilifungwa bulo moja kwa moja ku shasi, na abiria walitetemeka kama mahindi mu kinu. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ilitoa motokari ya Plymouth yenye motere iliyolazwa juu ya mipira, wakapanga mipira hiyo ili mstari wake upite karibu na kiini cha uzito wa motere, mbele juu na nyuma chini. Motere ikawa inabembea juu ya mstari ule bila kusumbua shasi. Mwaka 1932 Citroën alinunua ruhusa ya kutumia ufundi huo, akaupa alama ya ndege wa maji, yule mweupe mwenye shingo ndefu, juu anaelea bila kutikisika. Motere inayoelea: jina zuri, na ni kweli.

Na mpira wenyewe? Hapa uniache niwe mu-agronome kidogo. Hadi leo silembloki nyingi zinatumia mpira wa mti, sababu unavumilia kukunjwa mara mamilioni bila kupasuka. Unatoka kwa Hevea, mti wa Amazonia, ambao kwetu unalimwa kule kaskazini mu pori lenye mvua. Huku Katanga kiangazi kirefu hakiutaki. Kabla ya Hevea, enzi ya Leopold II, mpira wa Kongo ulikamuliwa mu kamba za msituni zinazoitwa Landolphia, na tunajua babu zetu walilipa nini kwa ule mpira. Mpira mbichi hauna faida mu motokari; unalainika na joto. Ni Charles Goodyear, mwaka 1839, aligundua kwamba ukiupika na kiberiti cha manjano unakuwa mugumu na unarudi umbo lake. Lakini una adui mmoja: mafuta. Mpira wa mti ukilowa mafuta ya motere ao mazutu unavimba, unakuwa kama uji uliolala. Kama motere yako inavuja juu ya silembloki, usinunue silembloki mpya kwanza. Ziba mafuta kwanza.

Turudi ku Landrover. Nilipoingia chini na taa, niliona nini? Fundi alikata vipande vya pine ya kamyo, akaviweka kati ya chuma cha motere na chuma cha shasi, kisha akapitisha bulo moja kubwa kutoka juu hadi chini, akakaza kwa nguvu zake zote. Nilimwita baba mukubwa aone. Akatazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mazutu.

"Mutoto, kule ku konsantrateri tulikuwa na kribli, ile chekecheke kubwa ya mawe. Ilitetemeka usiku na mchana, lakini nyumba haikuanguka. Juu ya nini? Ilikuwa juu ya risore. Sasa uambie mimi: kama mutu angechukua bulo akafunga kribli na nyumba, risore ingefanya kazi gani?"

Hakuna kazi. Ndiyo hivyo hasa. Ile bulo ilikuwa daraja: mtetemeko haukuhitaji kupita mu mpira, ulivuka mu chuma. Mpira ulikuwa pale kama mapambo. Mipango yote ya silembloki inasimama hapa: isiwepo fasi hata moja ambapo chuma cha motere kinagusa chuma cha shasi bila mpira kati yao. Na madaraja yanajificha. Bomba la moshi lililosudiwa ku shasi ni daraja. Kijiti cha akselereta kisichokuwa na mchezo ni daraja. Kabomba kagumu ka mazutu kasiko na kipande cha mpira ni daraja, tena ni lile litakalokatika kwanza.

Tukalegeza bulo, tukafurahi tena bure. Tukawasha. Ikawa mbaya kuliko mbele! Kwa ralanti Landrover ilitikisika hadi kuku wa jirani walikimbia. Baba mukubwa alinitazama tu. Hapo ndipo nilirudia vitabu vya fizike vya mwaka wa kwanza, vile tulisema havina kazi kwa mu-agronome.

Kitu chochote kizito kilichokaa juu ya kitu kinachonesa kina mwendo wake cha kupenda kubembea. Ukiisukuma kwa mwendo ule ule, inazidi. Mtoto mu bembea anajua: hasukumwi kwa nguvu, anasukumwa kwa wakati wake. Mpira unaanza kukinga tu kama mapigo ya motere yanakuja kwa haraka kuliko mara 1,4 ya mwendo ule wa kubembea. Chini ya pale mpira haukingi. Ukikaribia mwendo wenyewe, mpira unaongeza.

Na namna ya kuujua mwendo huo ni rahisi ajabu, haihitaji mashini. Weka kipande cha mbao chini ya karteri, nyanyua motere na jeki polepole mpaka uzito wake utoke juu ya mpira. Pima kati ya vyuma viwili. Shusha. Pima tena. Tofauti hiyo kwa milimita, tafuta mzizi wake wa mraba, kisha gawanya 16 kwa ule mzizi. Unapata mabembeo kwa sekunde. Haujahitaji kujua kilo za motere, uzito umekwisha kujisema wenyewe kwa kukandamiza.

Vipande vyetu vya pine vilishuka nusu milimita tu. Pine ya kamyo ina nyuzi ndani, ni ngumu kama ubao. Mzizi wa nusu ni 0,7. Gawanya 16 kwa 0,7: karibu 23. Na mapigo ya ralanti ni 25! Tulikuwa tumejenga bembea yenye mwendo karibu sawa na mkono unaoisukuma. Kwa hesabu, mtetemeko ungeweza kuongezeka mara tatu ao mara ine. Sasa mnaelewa kwa nini fundi alipopandisha ralanti ilitulia kidogo: kwa 900 mapigo ni 30, hata bulo ikiwa imekazwa kila kitu kingine mu motokari kinaondoka kidogo mu mwendo wake. Ni hila, siyo dawa. Na mazutu inalipa.

Ukitaka mpira unaokinga vizuri, ushuke milimita 3 ao 4 chini ya uzito wa motere. Kwa milimita 4, mzizi ni 2, mabembeo 8. Mapigo 25 juu ya mabembeo 8, karibu sehemu moja kwa tisa tu ndiyo inapita. Kwa ukweli itakuwa moja kwa sita hivi, sababu mpira unaotikiswa haraka unakuwa mugumu kuliko ule uliokaa kimya, na tena motere haichezi juu-chini tu, inajipindua kando. Hesabu hii ni tochi, siyo jua. Lakini bila tochi tulikuwa mu giza.

Mtu ataniuliza, basi kwa nini usiweke mpira laini kabisa? Sababu motere inajipindua. Ukiachilia ambreyaji mu premie kwenye kilima na muzigo, upande mmoja wa motere unanyanyuka. Mpira laini mno, ventilateri inakula radiateri. Na mpira ukichanika, motere inaruka. Siyo hadithi: mwezi wa 12 mwaka 1971, General Motors ilirudisha motokari milioni 6,7 za Marekani juu ya silembloki zilizochanika. Motere ilinyanyuka na kuvuta akselereta ifunguke yenyewe, dereva yumo. Dawa yao ilikuwa kamba ya chuma ya kuishika motere isiruke. Kwa hiyo tafuta silembloki yenye vyuma vilivyoshikana kama vidole, ili hata mpira ukifa motere isitoke mahali pake.

Kabla ya kununua chochote tulipima injekteri. Hii wengi wanairuka. Silinda moja ikiwa mvivu, mtikiso wake unakuja mara moja kila mizunguko miwili, yaani mara 6 kwa sekunde kwa ralanti. Hiyo iko chini ya mabembeo 8. Hakuna silembloki duniani itakayokuficha hiyo. Ile laini itaionyesha zaidi. Unalegeza ekru ya bomba la kila injekteri moja moja, motere ikitembea. Silinda ambayo ukiilegeza sauti haibadiliki, ndiyo mvivu. Vaa miwani, na usiweke mkono mbele ya mazutu inayoruka, ile presha inaingia mu ngozi. Yetu ya tatu ilikuwa mvivu. Tukasafisha.

Kisha jibu lenyewe, ambalo linanitia haya kuliandika. Silembloki za Hilux, zile zilizotengenezwa kwa uzito wa motere ile ile, zilikuwa ku kase ya Likasi tangu mwanzo. Tulipoinunua motere hatukuziomba. Tulilipa dola 25 kwa mbili, baada ya kuzikagua: ukipinda kwa chuma, mpira usiachane na chuma, usiwe na nyufa, usiwe laini kama mafuta yameingia. Kijana mumoja msudaji wa hapa Kakanda alitengeneza vikono vipya vya sahani ya milimita 8, vyenye pembetatu ya kuvitegemeza, sababu kikono kinachonesa kinaharibu kazi ya mpira. Tuliviweka kwa mshazari, kila kimoja kikiangalia katikati. Mipira ya buati ya Landrover tulibadili pia. Ilikuwa imevimba mafuta. Bomba la moshi likapata kipande cha mpira cha kulining'iniza, mazutu ikapata mupira mpya wenye nafasi ya kucheza. Kati ya ventilateri na radiateri tuliacha sentimita 3. Bulo tulizikaza mwisho, baada ya kuwasha motere na kuiacha itafute yenyewe fasi yake ya kukaa. Ukikaza kwanza unafunga mpira ukiwa umepindwa.

Tulipima: milimita 4, kasoro kidogo. Ralanti 750. Baba mukubwa akaweka kikombe cha chai juu ya kapo. Chai ilitengeneza duara ndogo ndogo, haikumwagika. Akaendesha hadi njia ya lami na kurudi, kisha akaita bukari.

Nilikuwa nimedhani pia ni motere iliyokuwa inachubua tomati za chini mu sanduku. Hapana. Tomati zinaendelea kuchubuka, hiyo ni barabara, risore za nyuma na pine tulizojaza upepo kama jiwe. Tumepunguza upepo na kuweka majani ya nyasi chini, na hasara imepungua, lakini ile ni mada yangu ya kweli na nitaiandika siku ingine.

Kitu kimoja kimebaki. Kwa 2.100 hivi mu katre, kijiti cha vitesi kinalia. Ninafikiri ni daraja dogo ambalo bado hatujaliona, pengine kebo ya masi kutoka motere hadi shasi, ni nene na fupi mno. Jumamosi tutaingia chini tena.